Betri ya moyo ya mzee wangu: bili ya kwanza tuliiweza, ya pili ndiyo iliyouza shamba

Mwana Korogwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo miezi minne. Leo nimeamua kuliandika kwa sababu juzi jirani yetu amepewa rufaa kwenda Dar kuwekewa betri ya moyo, na swali la kwanza aliloniuliza ni lile lile nililouliza mimi: "Ni shilingi ngapi?" Nikamwambia hilo swali ni nusu. Nusu ya pili ni hii: mambo yakienda kombo, itakuwa shilingi ngapi, na atalipa nani?

Mzee wangu ana miaka 71, fundi seremala. Alianza na kizunguzungu, tukadhani ni jua na kufunga. Siku moja akaanguka uani akiwa anatawadha kwa swala ya alasiri. Hospitali ya wilaya wakampima mapigo: 34 kwa dakika. Wakampima umeme wa moyo, daktari akatueleza taratibu kwamba umeme unaotoka vyumba vya juu vya moyo haufiki vyumba vya chini, njia imekatika kabisa. Dawa ya kumeza hakuna. Ni betri, yaani kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, waya zake zinaingia moyoni kuusukuma upige.

Bima hatuna. Ukoo ukachanga. Kundi la wasapu lilifunguliwa Ijumaa, hadi Jumatano pesa imetimia, kuna hadi binamu wa Pangani ambao sijawahi kuwaona uso kwa uso. Betri ikawekwa chini ya bega la kushoto, siku tatu tukarudi nyumbani, mzee anatembea mwenyewe hadi kituo cha basi. Tulimshukuru Mungu.

Siku ya tano pale mahali pakavimba, ngozi ikawa rangi ya zambarau iliyoiva. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema ukiona uvimbe rudi. Lakini wakuu, kurudi Dar ni nauli za watu wawili, malazi, na mfuko umekauka. Tukampeleka kituo cha afya cha jirani. Mhudumu akachoma sindano, akavuta damu nyeusi, uvimbe ukashuka, akatupa vidonge vya siku saba. Yule mhudumu alitaka kumsaidia mzee na sina kinyongo naye. Lakini matatizo yetu yalianzia hapo.

Uvimbe ulirudi, tukarudia vidonge, mara tatu. Wiki ya saba mdogo wangu anamwogesha mzee akaniita kwa sauti ambayo sitaisahau. Kwenye kona ya chini ya betri ngozi ilikuwa nyembamba kama manda ya sambusa, katikati kuna tundu dogo kama punje ya mtama, na ndani ya tundu kitu kinang'aa kama ukingo wa sarafu. Ilikuwa ni betri yenyewe. Homa hana. Usaha kidogo tu. Mzee anasema hakiumi.

Dar wakatuambia sentensi moja: kila kitu kinatoka. Betri inatoka, waya zinatoka, na kwa kuwa moyo wake haujiwezi bila msaada, atawekewa waya wa muda wakati anapigwa dawa, halafu betri mpya upande wa kulia. Tulikaa siku 26.

Bili ya pili ninayo mpaka leo kwenye bahasha. Kurasa nne. Nilipopewa ule wa kwanza nilidhani ndio wote. Chumba cha upasuaji mara mbili. Waya wa muda. Chumba cha uangalizi maalumu, siku kwa siku. Kuotesha usaha maabara. Vankomaisini ya mshipani, ile dawa ya kuua wadudu, chupa moja moja imeandikwa. Kupima figo kila baada ya siku chache, kwa sababu dawa hiyo huumiza figo. Gozi, mabomba ya sindano, glovu. Na mstari ulioniumiza kuliko yote: betri mpya na waya mpya, bei kamili, kama vile hatukuwahi kununua nyingine miezi miwili nyuma. Jumla ilikuwa mara mbili na nusu ya bili ya kwanza.

Nje ya bili: gesti ya mama, chakula, duka la mdogo wangu lililofungwa karibu mwezi mzima. Nusu ya shamba la machungwa la Muheza imeuzwa. Mzee alilipanda kabla sijazaliwa.

Naomba wenye ujuzi mje mtueleze. Je, hii ilikuwa lazima? Na kwa nini hakuna aliyetutajia bei ya upande wa pili kabla hatujaanza?

Mama Zaituni

Pole sana kaka. Mpe mzee salamu zetu. Hapo kwenye mashamba ya wazazi umenigusa, sisi kwetu iliondoka mikarafuu kwa ajili ya figo za kaka yetu. Nafuatilia uzi huu.

Sista wa Zamu

Pole sana mleta uzi. Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha kuweka betri miaka kadhaa. Nitajibu kirefu kwa sababu ulichoandika nimekiona kwa macho yangu, na kila mara naumia.

Kwanza, kwa nini kila kitu kitoke. Wadudu wanaoleta shida hii mara nyingi ni wale wa kwenye ngozi, stafilokokasi. Wakishagusa chuma au plastiki ya waya hujijengea utando, wanajificha ndani yake kama chawa kwenye mshono wa nguo. Dawa inapita kwenye damu, wao wamekaa kwenye kitu kisicho na damu. Ndiyo maana vidonge vinashusha uvimbe wiki moja, halafu unarudi. Miongozo ya wataalamu wa moyo, ya Marekani na ya Ulaya, inasema jambo moja: betri ikishapata maambukizi, au ikishachungulia nje hata bila homa wala usaha, mfumo mzima utolewe. Ukiacha, wadudu wanafuata waya hadi kwenye vali za moyo, ile milango ya damu, na hapo unazungumzia wiki 4 hadi 6 za dawa ya mshipani, na uhai wenyewe unakuwa mashakani.

Pili, ule uvimbe wa zambarau. Ni damu iliyovilia kwenye kifuko cha betri. Ndugu zangu, ULE UVIMBE HAUCHOMWI SINDANO. Mwili wenyewe huufyonza taratibu kwa wiki kadhaa. Ukichoma, unawafungulia wadudu mlango. Kama ngozi imekaza mpaka inataka kupasuka, au maumivu hayavumiliki, anarudi kwa waliomwekea, wanafungua kwenye chumba safi.

Damu kuvilia si jambo la kupuuza. Kuna utafiti wa Kanada uitwao BRUISE CONTROL, wa mwaka 2013, wagonjwa 681 wanaotumia wafarini, dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Nusu walisimamishiwa wafarini wakapewa heparini, nayo ya kazi hiyo hiyo ila ni ya sindano, kama ilivyokuwa desturi. Nusu waliendelea na wafarini yao bila kusimama. Waliopewa heparini, asilimia 16 walivimba damu. Walioendelea na wafarini, asilimia 3.5 tu. Baadaye wakawafuatilia: waliovimba damu, asilimia 11 walipata maambukizi makubwa ndani ya mwaka mmoja, na ambao hawakuvimba ni asilimia 1.5. Yaani kumwacha mgonjwa aendelee na wafarini yake ndiko kulikokuwa salama zaidi, tena hakuna gharama hata senti.

Mzee alikuwa anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi?

Mwana Korogwe (mleta uzi)

Sista, asante sana. Alikuwa anameza aspirini ya kila siku, aliandikiwa zamani kwa presha. Hakuna aliyeuliza na sisi hatukusema. Tulileta dawa za presha tu kwenye mfuko.

Sista wa Zamu

Aspirini nayo inachangia. Mara nyingine haisimamishwi kwa sababu ya moyo wenyewe, lakini lazima daktari ajue. Mlete mfuko wenye dawa ZOTE, hadi za mitishamba.

Jambo la tatu nililosahau: wakati. Waya ambayo haijamaliza mwaka mara nyingi hutoka kwa kuvutwa taratibu. Ikishakaa miaka, mwili unaifunika kwa kovu, inashikana na mshipa na ukuta wa moyo. Kuitoa hapo kunahitaji vifaa vya pekee, vingine vya leza, na daktari wa upasuaji wa kifua awe tayari pembeni endapo mshipa utachanika. Sasa piga hesabu ya bili hiyo. Kwa hiyo mleta uzi, wiki ya saba mlichelewa, lakini bado mliwahi.

Kipanga Mweusi

Mimi naona hii ni biashara. Wakikosea wao, unalipa wewe. Fundi gari akikufungia breki vibaya anarudia bure. Kwa nini hospitali isirudie bure? Na kwa hali hii bora mzee angeachwa na mapigo yake, wazee wa zamani waliishi bila betri.

Sista wa Zamu

Kipanga, kwenye hoja ya kwanza una haki ya kuuliza. Kwenye ya pili hapana. Moyo uliokatika umeme kabisa bila betri ni mtu anayeweza kuanguka leo asiamke. Wazee wa zamani hawakuishi nao, tulikuwa tunasema "amefariki ghafla, hakuugua".

Betri ya kwanza kabisa kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu ilikuwa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, hospitali ya Karolinska. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson. Ile betri ilidumu saa chache tu ikazima. Wakaweka nyingine. Na nyingine. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20 maishani mwake, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya ile ya kwanza kuzima. Kwa hiyo kuharibika si hoja ya kukataa kifaa.

Na si kila tatizo ni kosa la mtu. Denmark huandika kila betri inayowekwa nchini kwao. Walipofuatilia wagonjwa 5,918, asilimia 9.5 walipata angalau tatizo moja ndani ya miezi sita. Mengine madogo, mengine makubwa: waya kuchomoka mahali pake, damu kuvilia, hewa kuingia kati ya pafu na kifua, maambukizi. Hiyo ni Denmark, na kila kitu walicho nacho.

Msafiri wa Minnesota

Wakuu, nipo huku Marekani, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Niongeze upande ambao haujatajwa: kifaa chenyewe kuwa kibovu kutoka kiwandani.

Oktoba 2007 kampuni ya Medtronic ilisitisha kuuza waya za Sprint Fidelis, zile za vifaa vinavyoshtua moyo ukienda mrama. Zilikuwa zinavunjika ndani ya mtu. Waya kama 268,000 zilikuwa zimeshawekwa duniani. Waya ikivunjika kifaa kinasoma kelele kama vile moyo umeharibika, kinampiga mtu shoti akiwa mzima kabisa. Nimemhudumia bibi mmoja aliyepigwa akiwa anakunja nguo. Mpaka leo akisikia mlango umebamizwa anashika kifua.

Sasa nani alilipa? Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya huku alitoa ripoti kuhusu vifaa vya moyo vya aina 7 tu vilivyorudishwa kiwandani au kufa kabla ya wakati. Bima ya wazee, Medicare, ilikuwa imelipa kiasi cha dola bilioni 1.5 kuvibadilisha na kuwahudumia waliokuwa navyo. Na wazee wenyewe walitoa mifukoni mwao dola milioni 140 kama sehemu yao ya malipo. Kampuni inaweza kukurudishia thamani ya kifaa. Kitanda, daktari, siku ulizolala, hizo zinabaki kwa bima na kwako.

Na mkaguzi alilalamikia jambo jingine: fomu za madai hazikuwa na sehemu ya kuandika ni kifaa gani hasa kilichoharibika. Kwa hiyo hata kujua umelipia kifaa kibovu ilikuwa kazi ya kuchimba mafaili.

Ndugu zangu mlioko nyumbani, ile kadi ndogo anayopewa mgonjwa, yenye jina la kifaa, namba ya betri, namba za waya na tarehe, msiiache ikaliwa na panya. Piga picha, weka kwenye simu za watoto wote. Siku kampuni ikitangaza kasoro, hiyo namba ndiyo ushahidi wenu.

Kijana wa Kisumu

Poleni sana. Huku Kenya harambee za hospitali tunazijua sana, hata sasa ambapo bima mpya ya serikali, SHA, imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, watu bado wanachangisha.

Nina swali halafu nina habari. Habari ni kwamba zipo betri zilizotumika, zinatolewa kwa waliofariki kwa idhini ya familia, zinapimwa, zinasafishwa na kuuliwa wadudu upya, halafu zinapewa wasiojiweza. Chuo Kikuu cha Michigan kina mradi huo, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi 7 zilizoshiriki jaribio lao. Matokeo yalisomwa mwishoni mwa 2024: kwa miezi mitatu ya mwanzo, maambukizi hayakuwa mengi kuliko kwa betri mpya. Kabla ya hapo, mwaka 2020, kuna utafiti wa Mexico na nchi za Amerika ya Kati na Karibiani, wagonjwa 1,051 wenye betri za namna hiyo. Baada ya miaka miwili, asilimia 2.0 walikuwa wamepata maambukizi au kufariki kwayo, wakati wenzao wa Kanada wenye betri mpya ni asilimia 1.2, na wataalamu wakasema tofauti hiyo si ya kutegemewa.

Swali: Sista, kwa nini mzee hakurudishiwa betri yake ile ile baada ya kusafishwa? Ni mpya, ina miezi miwili tu.

Sista wa Zamu

Kijana, swali zuri. Zile za mradi zimetoka kwa watu wasio na maambukizi, na zinapita hatua nyingi za maabara. Ya mzee ilikuwa imelowa wadudu walewale tunaowakimbia. Hakuna hospitali makini itakayoirudisha. Lakini nakubali, ule mstari wa bili unauma.

Kuhusu kinga. Sefazolini, dawa ya kuua wadudu, dozi moja ya mshipani, ndani ya saa moja kabla ya kisu. Dozi moja tu, si dawa za wiki nzima. Kanada walijaribu kuongeza dawa nyingine juu yake kwa wagonjwa karibu 20,000, jaribio la PADIT la mwaka 2018, na hawakupata faida ya kutosha kuthibitishika. Kusugua ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti na kuiacha ikauke. Kunyoa kwa mashine, si kwa wembe. Kuahirisha kama mgonjwa ana homa. Haya yote ni bei rahisi.

Kuna pia kifuko cha wavu chenye dawa ndani, betri inavishwa kama foronya. Jaribio la WRAP-IT, 2019, wagonjwa karibu 7,000 walio kwenye hatari kubwa: maambukizi yalishuka kutoka asilimia 1.2 hadi 0.7. Kinasaidia, lakini ni ghali. Kwa mgonjwa wa kawaida anayewekewa kwa mara ya kwanza siwezi kumwambia auze ng'ombe akinunue. Kwa anayebadilishiwa mara ya pili au ya tatu, aulizie. Ni jaribio hilo hilo lililohesabu gharama ya maambukizi moja kwenye hospitali za Marekani: wastani wa zaidi ya dola 55,000.

Fundi Rewa

Naomba kuuliza, mimi ni fundi wa kuchomelea na baba mkwe kawekewa. Je nikimsogelea na mashine?

Sista wa Zamu

Fundi, asiwe karibu na mashine ikiwaka, hasa ya arc. Akikaa mbali kidogo hamna shida. Fungua uzi mwingine tukuelekeze vizuri, huu tusiupoteze.

Mwana Korogwe (mleta uzi)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Naomba nijibu la Kipanga, maana nimelifikiria sana usiku.

Mimi sitaki hospitali ilipe kama adhabu. Ninachosema ni hiki. Kama Denmark wanajua kwamba katika kila watu 10 karibu mmoja atapata tatizo, basi tatizo hilo si ajali tena, ni sehemu ya bei. Watu tisa wanalipa bei moja wanarudi nyumbani. Wa kumi anauza shamba. Kwa nini lisigawanywe kwa wote kumi tangu mwanzo? Bei ya betri itajwe pamoja na miezi mitatu ya marekebisho ndani yake. Ingepanda kidogo, ndiyo. Lakini siku ya tano mzee alipovimba, tungepanda basi usiku uleule, kwa sababu tungejua tumeshalipia. Kilichotuzuia kurudi hakikuwa ujinga. Karatasi tuliisoma. Ni hofu ya dirisha la malipo. Hofu ile ndiyo iliyotupeleka kwenye sindano.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha huduma wanisikie hapa: msiweke kuweka betri mkaacha kuitoa. Na nauli ya kurudi wiki ya kwanza hata ikikopeshwa, ni ndogo kuliko glovu za kwenye bili yangu.

Jirani yetu anaondoka Jumapili. Jana nilikaa naye na mwanawe mezani, nikamwandikia kwenye daftari maswali ya kwenda nayo. Nikivimba nampigia nani, namba ya simu ya mtu, si ya mapokezi? Kurudi wiki ya kwanza kunalipiwa? Waya ikichomoka, kuirekebisha ni kiasi gani? Pakiingia wadudu, ni kiasi gani, na ofisi ya ustawi wa jamii ipo jengo gani? Mwanawe akaniuliza, "Kaka, hawatatuona wakorofi?" Nikamfungulia bahasha, nikampa zile kurasa nne azisome mwenyewe.

Mzee hajambo. Amerudi kwenye randa lake, anatumia zaidi mkono wa kushoto sasa kwa kuwa betri ipo kulia, anasema mbao zinamshangaa. Kovu la kushoto limefunga. Kliniki ni tarehe 14, watasoma betri kwa mashine. Nikirudi nitaleta majibu hapa hapa.

Mama Zaituni

Tunasubiri kaka. Na hayo maswali ya daftari yapige picha uyaweke hapa, kuna watu wanaondoka kesho.